Msumari wa Kugeuzia

Jumapili, 4 Agosti

Wifi yangu Sindano,

Nimefika salama. Chumba nilichopewa kwenye nyumba ya wageni kina kitanda, meza yenye mguu mmoja mfupi na feni inayozunguka ikipenda. Masoko manne na pampu za mafuta za mji mzima zinanisubiri nizikague kwa wiki tano, na ofisi ya hapa imenipa dereva anayeanza kupiga miayo saa mbili asubuhi. Simu nimeizima. Kaka yako alinipigia mara nne siku ile niliyopanda basi na mimi sina neno la kumwambia. Ukitaka kunipata, mpe barua yule mama wa vifurushi pale stendi, mlango wa tatu kutoka kwenye cherehani yako, nami nitafanya hivyohivyo huku.

Leo ilikuwa siku ya mbio ndefu, kilomita thelathini na mbili, maana mbio za Oktoba hazinisubiri na miaka thelathini na tisa nayo haisubiri. Kukimbia mji usioujua ni kazi, wifi. Binti wa mapokezi aliniambia ninyooke tu mpaka nione tangi la maji. Tangi sikuliona. Niliona karakana, niliona ukuta mrefu wa kiwanda, niliona mbwa watatu ambao hawakupenda viatu vyangu. Mlinzi mmoja akatoka kibandani akauliza, "Dada, nani anakufukuza?" Nikamwambia, "Umri." Akacheka mpaka rungu likamwanguka.

Kwenye kilomita ya kumi na tisa kamba ya kiatu ikafunguka. Nikainama. Mbele ya kidole changu, kwenye lami, palikuwa na msumari na kibati cha duara, umezungushiwa rangi ya njano, na pembeni yake namba saba yenye mkia. Nani mwingine duniani anaandika saba yenye mkia? Nimeishi na saba ile miaka kumi na moja, kwenye kalenda na kwenye mlango wa friji.

Nimeulizia. Wana marathoni yao tarehe mosi Septemba na aliyepima njia ni kaka yako. Shirikisho la riadha lilimfungia mwaka mzima, sasa limempa njia hii moja ya majaribio. Ikitoka fupi, cheti chake kinachanwa na hatapima tena hata uwanja wa shule.

Usiniambie nisahau. Mwaka jana nilikimbia kwa saa mbili, dakika thelathini na tisa na sekunde mbili. Chini ya mbili na arobaini unaingia timu ya taifa. Niliingia kwa siku tisa. Siku ya kumi wakaja kupima upya wakakuta njia ya mume wangu ni fupi kwa mita mia moja na tisini, na muda wangu ukafutwa. Mita mia moja na tisini ningezikimbia kwa sekunde arobaini na tatu, na bado ningebakiwa na kumi na tano mkononi. Mimi ninayefunga maduka ya watu kwa kupunja gramu hamsini, nilipunjwa ndani ya nyumba yangu.

Kwa hiyo Jumapili ijayo nitakimbia njia yake nikiipima. Nikiikuta fupi sitasema kitu. Nitasubiri mbio ziishe, watu elfu mbili wavishwe medali, ndipo nipeleke karatasi yangu yenye muhuri. Nataka asimame mbele yao kama nilivyosimama mimi.

Wifi yako,
Mizani


Jumatano, 7 Agosti

Wifi yangu Mizani,

Barua yako nimeisoma mara mbili huku mteja amesimama na suruali mkononi akidhani nasoma vipimo vyake. Nimecheka pale kwa mlinzi. Pale kwa medali sikucheka.

Kwanza nikujulishe: simu zile nne zilikuwa za heri. Alisikia unapelekwa mji huo na anajua huwezi kukosa mbio yako ndefu, akataka akuelekeze barabara nzuri yenye kivuli isiyo na mbwa. Basi umeikuta mwenyewe, na mbwa umewakuta. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hilo guu ndilo tunalolitegemea Oktoba.

Pili, wale watu elfu mbili wamekukosea nini? Kuna mwalimu mmoja humo aliyejinyima usingizi mwaka mzima, kuna mama mwenye watoto wanne. Utawafutia muda wao ili umwone kaka yangu anatazama chini? Anatazama chini siku zote sasa. Hata kunywa maji anainamia kikombe.

Sisemi hana kosa. Alisaini karatasi kwamba amehakiki baiskeli yake ya kupimia, ile yenye kihesabio gurudumuni, baada ya kupima, naye hakuhakiki. Ameshalilipia. Amelala mwaka mzima kwenye kile chumba cha nyuma kwa mama, kati ya magunia ya mkaa na ile baiskeli.

Wewe pima mizani zako, urudi. Talaka ni ya kaka, mimi hujaniacha. Nimekutumia bukta mpya, ina mfuko mgongoni wa kuweka maji. Nimeushona mara mbili usichanike. Na chama chetu cha wakimbiaji kinakusalimu, wasichana wote ishirini na wawili. Wanasema Jumamosi bila wewe mazoezi ni kama kwenda sokoni bila kapu.

Wako,
Sindano


Jumapili, 11 Agosti

Wifi,

Bukta imenikaa vizuri, asante. Sasa sikiliza.

Niliazima kile kigurudumu cha kupimia barabara, chenye mpini mrefu, kinacholia tik kila mita. Ijumaa nilikihakiki kwenye utepe wangu wa chuma, na leo baada ya kukimbia nikakihakiki tena, maana mimi nahakiki kabla na baada. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa kwenye msumari wa kwanza. Nimekisukuma kilomita thelathini, wifi, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, tik tik tik mpaka meno yananiuma. Mwanamke mmoja aliniuliza nauza nini. Mzee mmoja akaniamkia kwa heshima zote, akataka kujua barabara itapanuliwa lini na kama nyumba yake itaguswa. Nikamwambia haitaguswa, naye akaniombea dua.

Nilifika kila msumari nikiomba uwe umekosea. Naomba nikiri hivyo. Nilikuwa nakimbia na roho mbaya kabisa, naona namba kwa mbali, nasema hapo, hapo atanaswa. Na kila msumari ulikuwa mahali pake. Kila kilomita mita elfu moja na moja, ile mita moja ya ziada inayotakiwa ili njia isiwe fupi hata kwa bahati mbaya. Kumi na moja, sawa. Kumi na nane, sawa. Pale pa kugeuzia, wanapogeuka kurudi kwa njia ileile, ishirini na moja na kitu, sawa mpaka aibu. Niliketi kando ya barabara nikalia, na si kwa uchovu.

Kwa hiyo kupima anajua! Umeona? Mtu asiyejua kupima hukosea kila mahali. Yeye mji wa watu baki anaupima mpaka sentimita, na njia ya mke wake anaipunguza. Nimekumbuka kitu ambacho sijawahi kukuambia. Siku mbili kabla hajapima ile ya nyumbani tuligombana. Nilimwambia nikiingia timu nitakwenda kambini miezi minane. Akaniuliza, "Na nyumba hii atakaa nayo nani?" Nikamjibu, "Kaa nayo wewe." Siku mbili baadaye akapanda baiskeli yake. Mwaka mzima nilidhani ni uzembe. Uzembe ningeweza hata kuusamehe siku moja, nikizeeka.

Njia yake haina kosa, basi nitalitia mimi. Msumari wa kugeuzia uko peke yake, hauna nyumba karibu. Ukisogezwa nyuma mita mia, watu wanageuka mapema, na njia nzima imepungua mita mia mbili. Baada ya mbio watapima tena kwa sababu yuko kwenye majaribio. Watamkuta. Na yeye atajua hakukosea, na hakuna atakayemwamini. Hilo ndilo ninalolitaka zaidi ya yote.

Jumapili nina kilomita thelathini na sita.

Mizani


Jumatano, 14 Agosti

Wifi, tafadhali,

Barua imenikuta nakata kitambaa na nimekikata vibaya, sare ya mtu.

Usiuguse huo msumari. Nakuomba kwa vidole kumi. Fikiria kazi yako kwanza. Mkaguzi wa vipimo akikamatwa anachezea kipimo, hata nyanya hutauziwa kwa mzani, utauziwa kwa kukadiria. Miaka kumi na sita umeijenga heshima hiyo, wauza nyama wanakunja mikono wakikuona, leo uitupe kwa nyundo?

Na kaka yangu hakukusudia. Najua. Usiniulize nimejuaje, najua tu. Mimi nimezaliwa naye. Huyo akikanyaga mchwa anageuka kumtazama. Aupunguze muda wako kwa makusudi? Siku ile ulipomaliza mbio alikuwa amekaa kwenye ukingo wa barabara analia kwa furaha, nami nilimpa kanga yangu ajifutie.

Kuna jambo nataka kukuambia, lakini ni la ana kwa ana. Ukirudi. Tutafunga duka, tutakaa chini, nitakuambia. Mpaka hapo kimbia tu, wifi. Kimbia kilomita zako thelathini na sita, na ukifika pale pa kugeuzia, geuka.

Hasira hasara. Nani alikuwa ananiambia hivyo nilipotaka kumchoma mteja kwa pasi?

Wako,
Sindano


Jumapili, 18 Agosti

Wifi,

Nimefanya.

Ule mfuko wa mgongoni uliingia nyundo ndogo na tindo bila kugongana, na mshono wako haukuachia hata uzi. Utepe wa chuma niliufunga kiunoni. Juu nilivaa kizibao cha kung'aa cha ofisini. Ukivaa kizibao kile unaweza kung'oa hata nguzo za taa na watu watakupisha. Nilianza saa kumi usiku, nikafika pale pa kugeuzia kabla ya jua, nikapiga magoti.

Msumari wake umepigwa barabara, nilitoka jasho. Ulipotoka nikapima nyuma mita hamsini, tena hamsini. Mia moja kamili. Nikaupigilia upya pamoja na kibati chake, nikazungushia rangi ya njano niliyoinunua Alhamisi kwa muuza vyuma, na yale maandishi nikayaiga, mkia na vyote. Mkono wangu uliyajua kuliko nilivyotegemea. Tundu la zamani nikaliziba kwa lami na mchanga na rangi nikaisugua. Mama mmoja mfagia barabara alipita na toroli yake akaniambia, "Pole na kazi." Nikamjibu asante.

Kisha nikamalizia kilomita zilizobaki, kumi na tano. Miguu haikuwa na uzito wowote. Tano za mwisho nilizikimbia kwa kasi ya mbio zenyewe, na nilikuwa natabasamu, wifi, watu wakanitabasamia. Nimefurahi. Sitajifanya kwako. Mwaka mzima nimebeba kitu hapa kifuani na leo nimekipigilia kwenye lami ya watu.

Jambo lako la ana kwa ana litangoja. Kama ni la kumtetea, liweke.

Mizani


Jumanne, 20 Agosti

Wifi yangu,

Keti kwanza. Kama umesimama kaunta ya mapokezi, nenda chumbani.

Ni mimi.

Mwaka jana, ile siku moja kabla hajapima, nilikuwa na fulana arobaini za chama za kupeleka kwa mchapaji, mvua inatishia na wewe na kaka mko kazini. Baiskeli ilikuwa barazani kwenu. Unaijua sheria ya nyumba yenu kuliko mimi: baiskeli ya kupimia haipandwi. Niliipanda. Nikafunga fulana nyuma, nikaenda. Kurudi nikakanyaga kipande cha waya wa kufungia zege, tairi ya mbele, tss. Nilikaa dukani kwangu nikaitoa tyubu, nikakata kiraka kwa mkasi wangu wa meno, ule unaokata ukingo kama msumeno, nikabandika kwa gundi yangu ya viatu, nikajaza upepo mpaka ikawa ngumu kuliko ilivyokuwa, nikairudisha barazani, nikafuta matope. Nikajiambia yamekwisha.

Asubuhi kaka akaihakiki, upepo umejaa, hesabu sawa. Kisha akaondoka kupima, na kiraka changu kikawa kinapumua kidogo kidogo. Tairi ikipungua upepo inakuwa ndogo, inazunguka mara nyingi zaidi, kihesabio kinaona barabara imeshatosha kabla haijatosha. Mimi hesabu hiyo sikuijua, alinieleza yeye baadaye. Alipomaliza mvua ilikuwa inamwagika, akarudi nyumbani, akasaini kwamba amehakiki mara ya pili. Hilo ni lake. Lakini lingine lote ni langu.

Naye anajua, wifi. Ile siku ya kumi, walipofuta muda wako, aliifungua tairi. Akaja dukani na tyubu mkononi, akaiweka juu ya cherehani. Akasema, "Kiraka hiki kimekatwa kwa mkasi wa meno." Basi. Nikalia, nikamwambia nakwenda kumwambia sasa hivi. Akanizuia mlangoni. "Usimwambie. Mimi ameshanichoka. Akikukosa na wewe atabaki na nani?" Nikakubali. Nilikubali haraka mno, hilo ndilo linaloniamsha kila siku.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Yote hayo nimeyaandika kwa mkono wangu na nimesaini chini ya ukurasa huu. Nichukie mimi, unayo haki. Ila urudishe huo msumari. Alhamisi anakuja huko kukagua mara ya pili. Siku hizi anakagua mpaka anachosha watu. Mbio ni Jumapili ya wiki ijayo. Bado una nafasi.

Wako, ukinitaka,
Sindano


Ijumaa, 23 Agosti

Kwa Katibu wa Chama cha Wakimbiaji,

Barua yako niliipata jana jioni, maana siku mbili nilikuwa soko la nje ya mji. Leo saa kumi na moja nimekimbia kilomita ishirini na moja na kitu nikiwa na nyundo ileile. Nilikuwa naenda kuurudisha.

Nilikuta umesharudi. Uko kwenye tundu lake la kwanza. Tundu nililotoboa mimi limezibwa kwa lami mpya na kusuguliwa mpaka ukipitisha kiganja huhisi kitu. Nimeulizia kwa mbali kwa waandaaji kama kuna tatizo lolote la njia. Hakuna. Mpima njia alikuja jana, akakagua, akasaini, akashukuru, akaondoka. Hakuandika neno.

Lakini alijua ni nani. Mhuni angesogeza msumari kwa hatua, ingekuwa mita tisini na nne au mia na saba. Nani husogeza msumari mita mia moja bila sentimita kuzidi? Nilikaa palepale kando ya barabara nikajiona, mkaguzi wa vipimo na tindo mgongoni, nikataka ardhi ipasuke. Mtu huyu nimemwita muongo mbele ya mama yake. Sijui nitamwomba radhi kwa maneno gani, na wewe hutanisaidia kuyatafuta.

Sasa wewe.

Mwaka mzima umekaa kwenye meza yangu. Nikimlaani, unanimiminia chai. Ulisema, nakukumbuka vizuri, "Mwanaume akikupunja mara moja ataendelea kukupunja." Wewe ndiye uliyenishonea gauni la kwenda kudai talaka! Ulinizungushia utepe kiunoni, sindano ziko mdomoni mwako, ukasema nimekonda, ukapunguza inchi moja kila upande. Ulikuwa na nafasi pale. Tulikuwa wawili tu, na mlango umefungwa. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nguo zangu zote ni za mkono wako.

Na ungeendelea kunyamaza. Hukuniambia kwa sababu ya mimi kuumia, wala kwa sababu ya kaka yako kulala na magunia. Umeniambia kwa sababu ya msumari.

Barua yako nimeituma shirikisho la riadha leo asubuhi. Barua yenyewe, siyo nakala, mpaka pale ulipotia saini, pamoja na kile ulichosema kuhusu mkasi; ukurasa wa pili, ule wa msumari, nimeubakiza. Nimeambatanisha anwani ya duka. Muda wangu hautarudi, njia ilikuwa fupi na itabaki fupi. Sikuituma ili urudi. Nimeituma ili na wewe uitwe mbele ya watu usomewe, halafu utoke nje uwakute wale wasichana ishirini na wawili wamesimama hapo.

Bukta na lile gauni nitakurudishia kwa mama wa vifurushi.

Mkaguzi wa Mizani na Vipimo


Jumanne, 3 Septemba

Mizani,

Kifurushi nimekipata. Gauni umelipiga pasi, sijui kwa nini hilo ndilo lililoniliza.

Waliniita Ijumaa. Watu watano, meza ndefu, barua yangu katikati na jiwe juu yake isipeperuke. Walinitaka niisome mwenyewe kwa sauti. Nimeondolewa ukatibu na nimeondolewa chama, na kwa miaka mitano siruhusiwi kukanyaga mbio yoyote, hata kugawa maji. Nilipotoka wasichana walikuwa wamesimama nje kama ulivyotaka. Yule mdogo, niliyemshonea fulana ya kwanza kwa mabaki ya pazia kwa sababu saizi yake haikuwepo, alinipa mgongo. Wengine wakamfuata. Chama kile nilikianzisha mimi na wewe kwenye sakafu ya duka langu, tukiwa sita. Umefanikiwa, kwa hiyo.

Jumapili nilisikiliza marathoni yenu redioni. Njia ilikuwa sawa, walisema, hakuna malalamiko.

Jana nilikaa na barua zako zote. Nilizisoma kuanzia ile ya mlinzi na rungu. Ile ya tarehe kumi na nane, yenye tindo na utepe na rangi ya muuza vyuma, imeandikwa kwa mkono wako na imesainiwa. Niliiweka kando. Nikaifikiria mchana kutwa, nikiwa nashona nafumua, nashona nafumua. Nilisema nikifika mwisho wa pindo bila kukosea nitaichana. Nilikosea, na hata nisingekosea.

Leo asubuhi nimeitia kwenye bahasha, nimeandika jina la mkuu wa idara yako, na mama wa vifurushi ameipakia kwenye basi la saa moja. Barua yenyewe, siyo nakala. Nimekuandikia ujue, maana mimi na wewe tumefichana vya kutosha.

Kaka amefika mchana kutoka huko kwenye mbio, mara ya kwanza kurudi nyumbani tangu aende kukagua. Shirikisho limempa cheti chake, yuko huru kupima popote. Alikuja moja kwa moja dukani, hajaoga, baiskeli mkononi. Sijawahi kumwona anatazama mbele hivyo. Alivuta kigoda, akafunga mlango nusu, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kuna mtu aliusogeza msumari wa kugeuzia.

"Mita mia moja kamili," akasema. "Nimepima mara tatu, Sindano. Kamili! Bado hajanichoka." Na alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka, kama mtu aliyepata habari za mgonjwa wake kwamba ameanza kula.

Kisha akanishika mkono. "Usimwambie mtu yeyote. Ikijulikana, kazi yake imekwisha na Oktoba hawatamruhusu kukimbia. Niahidi."

Nikamwahidi.

Sindano